Simu Niliyoinyamazia

Tangu binti yangu apate kazi mbali, naishi na mtoto wake wa kike, mimi na yeye tu, kwenye kilima kisicho mbali na Mogogosiek. Kwetu babu hutaniana na mjukuu wake wa kike kama mume na mke. Akitoka shule huniita tangu langoni, "Bwana yangu, leo umenipikia nini?" Nami hujibu kwamba nilidanganywa, nikaozwa bibi mvivu asiyejua hata kusonga ugali. Tangu nyanya yake afariki, sauti hiyo ndiyo inayonijulisha kwamba siku imeisha salama.

Mwaka jana sauti hiyo ilinyamaza kwa miezi mingi, na aliyeinyamazisha ni mimi.

Yote yalianza na gokati. Mwalimu wao wa fizikia alikaa na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma kule Kapkatet, wakachukua injini ya pikipiki iliyogongwa, wakaifunga kwenye fremu yenye magurudumu manne madogo. Kikawa kigari kisicho na paa wala milango, kimekaa chini kama meza iliyokatwa miguu. Wanafunzi walikiendesha kwa zamu kuzunguka uwanja wa shule huku mwalimu akiwapimia muda. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka.

"Hii ni ya kubeba mbolea?"

"Agui, wewe ukikalia hii," alinijibu, kwa jina tunalomwitia babu, "meno yatarudi yote."

Wiki ya kwanza walijaa watoto wengi kwa sababu ya mlio wa injini. Kufikia wiki ya nne walibaki wanne. Kazi yenyewe, sehemu kubwa ni kuokota mawe uwanjani, kusukuma kigari kikizimika, kusugua plagi na kungoja zamu. Yeye hakukosa hata siku moja. Alirudi na oili mikononi, nami nikalalamika kwamba majani ya chai tunayochuma yatanuka petroli na karani wa kituo cha kuuzia chai atayakataa. Akawa anasugua mikono kwa jivu mpaka inapauka.

Ndipo wakaja wakufunzi kutoka Nairobi na gokati za kweli. Walitaka vijana watatu wa kufundishwa wakati wa likizo. Wangewaona Jumamosi tatu, saa nane mchana, kwenye uwanja wenye lami karibu na mji wa Kericho. Sharti lilikuwa moja: atakayekosa siku moja ametoka. "Kasi tutawafundisha," mkufunzi mkuu, mama mmoja mfupi, alituambia sisi wazazi. "Lakini kufika, hatuwezi kumfundisha mtu kufika."

Jumamosi mbili alienda. Ijumaa ya kuamkia ile ya tatu, mwalimu alinipigia simu. Mvua yetu ya alasiri ilikuwa imewashinda wageni, kwa hiyo wangeanza saa mbili asubuhi. "Mwambie awe barabarani saa moja, mzee. Gari la shule litampitia."

"Sawa, mwalimu. Nitamwambia."

Nikaweka simu mfukoni, nikaitazama chai. Mvua ilikuwa imenyesha wiki mbili mfululizo na majani yalikuwa yamesimama yakingoja mkono. Lori la kiwanda lingepita kesho yake mchana. Wachumaji wangu wawili walikuwa wameenda matanga. Na hakuna mtu kwetu anayechuma kama yule mtoto: majani mawili na chipukizi, kila mara, bila kutazama. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu. Katika miaka yangu yote karani hakuwahi kunirudishia majani mabaya mbele ya majirani, na sikutaka kuanza uzeeni. Nikajiambia kwamba watu wa Nairobi huchelewa. Nikajiambia kwamba mtoto aliyefika mara mbili hawezi kufukuzwa. Wakati wa kula nilinyamaza, nikajiambia pia kwamba kunyamaza si kudanganya.

Asubuhi tuliingia shambani kukiwa na umande. Alichuma akinieleza mambo ya kona. "Breki unafunga kabla ya kona, Agui, si ndani yake. Ukifunga ndani, umeshachelewa." Mara gari likapiga honi kule barabarani. Akainua kichwa.

"Hiyo si gari ya shule?"

"Labda inachukua watoto wa kwaya," nikasema.

Hapo sikunyamaza tena. Hapo nilidanganya kwa mdomo wangu. Gari lilipiga honi mara ya pili na ya tatu, kisha likaondoka. Yeye akainama, akaendelea kuchuma.

Saa sita alioga, akafunga viatu vyake vya raba, akapanda pikipiki kwenda mjini. Mimi nilikuwa kituoni. Karani alichota majani yangu kwa mikono miwili akawaonyesha wengine. "Hivi ndivyo chai inavyochumwa," alisema, nami nikatabasamu kama mjinga. Saa hiyo hiyo mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye mvua akitazama gokati zikipakiwa. Mwalimu alimwambia, "Lakini jana nilimpigia agui wako."

Alirudi akiwa amelowa. Hakupiga kelele. Alibadilisha nguo, akapika, akaniletea maji ya kunawa. "Chakula kiko tayari, mzee," akasema.

Mzee. Kama anavyomwita mtu yeyote njiani. Kuanzia hapo nikawa mzee. Alifagia, alikamua, alichuma, alinisalimia asubuhi na jioni. Heshima yake haikuwa na kasoro hata kidogo, na ndiyo iliyoniuma.

Mara ya kwanza nilipojaribu kuzungumza naye nilijitetea. Nilisema chai ndiyo inayomsomesha. Akajibu, "Ndiyo, mzee," akaondoka na ndoo yake. Zilipita wiki kadhaa kabla sijamfuata kwenye boma la ng'ombe akikamua.

"Mwalimu alinipigia nikanyamaza," nilisema. "Na ile gari, nilijua ni yako. Nilikudanganya. Hukukosa wewe, nilikukosesha mimi."

Maziwa yaliendelea kugonga ndoo.

"Walichukua watatu," akasema mwishowe. "Mmoja hajui hata kufunga breki."

Nilitarajia aiache ile klabu ya gokati. Hakuiacha. Wenzake walipoenda likizo kufundishwa, yeye alibaki akiokota mawe kwenye uwanja wa shule. Nikaamua Jumamosi zote ziwe zake. Nilichuma mwenyewe, na mgongo wangu ni wa zamani. Majani ya sehemu ya chini ya shamba yakakomaa na kuwa magumu kabla sijayafikia, na siku moja karani alimwaga nusu ya gunia langu chini mbele ya watu wote.

"Leo hata mwenyekiti amerudishiwa!" jirani mmoja akapaza sauti, wakacheka. Nilipiga magoti nikayachambua jani kwa jani. Nilishangaa kwamba haikuuma nilivyoogopa miaka yote ile. Na kwa ajili ya woga huo nilikuwa nimeuza Jumamosi ya mtoto.

Mwaka huu simu ililia nikiwa katikati ya chai. Alikuwa mwalimu: wageni wa Nairobi walikuwa wanarudi Jumamosi, asubuhi. Niliacha kikapu pale pale juu ya chai, nikashuka mpaka mtoni, nikapanda upande wa pili hadi shuleni nikiwa na gambuti miguuni na aproni ya nailoni ya kuchumia. Nilimkuta mjukuu wangu uwanjani na ufagio. Nikasema yote kwa pumzi moja: Jumamosi, saa mbili, gari litapita saa moja.

Mwalimu alikohoa, akatazama pembeni. "Mzee, nilikupigia kukujulisha tu. Yeye nilimwambia asubuhi."

Mwalimu hakuniamini tena, na sikuwa na la kulalamika. Watoto walikuwa wanaicheka aproni yangu. Mjukuu wangu aliyatazama matope kwenye gambuti zangu, akabandua jani la chai lililonata kwenye mkono wa shati langu.

"Bwana yangu," akasema polepole, "chai umeiachia nani?"

"Hakuna mtu."

"Na kikapu?"

"Kiko huko huko."

"Kweli umezeeka. Nenda nyumbani, majani yataharibika." Akanigeuza kwa mabega kama mtoto. "Na Jumamosi uamke mapema. Mimi singoji mtu."

Alichaguliwa. Lakini wale wa kwanza wamemtangulia mwaka mzima, na mkufunzi amemwambia hivyo wazi. Mwaka huo siwezi kumrudishia. Ninachoweza kusema ni kwamba Jumamosi ile dereva wa shule hakupiga honi kwetu. Alitukuta tumeshasimama barabarani, sote wawili, kabla umande haujakauka.