Nesi Aliyewasubiri Mwewe

Siku niliyomwona mara ya kwanza nesi yule wa wodi ya wazazi, alikuwa amekaa juu ya mwamba wetu kule Usagara, pale vilima viwili vinapoachana, viatu kavivua, kiganja kakiweka juu ya macho. Sisi wagonga kokoto tulidhani amepotea. Akasema yuko likizo, anawasubiri mwewe wanaotoka Ulaya na kupita hapo kwenda kusini. Kila asubuhi alirudi, akipanda huku ameshika goti lake bovu, akimenya karanga bila kuzitazama.

"Sista, likizo watu wanalala," mwenzetu Chenge alimtania.

"Kazi yangu ni kusubiri wanaokuja kwa wakati wao," alijibu, macho juu.

Siku yake ya mwisho, mwewe wakiwa bado hawajapita, mawingu yaliachana, jua likatoka. Nasi tulikuwa tumepanga matairi juu ya mwamba, tuuchome upate kupasuka. Akaja kwetu, akasema kwa sauti ya chini, "Moshi utawafukuza. Nipeni mchana huu mmoja."

"Tumbo langu halishibi mwewe, Sista," Chenge alisema.

Kiberiti nilikuwa nacho mimi. Nilikitia mfukoni. Jua lilipokuwa kali wakaja, wengi, wakizunguka bila kupiga bawa, kisha wakateleza kuelekea kusini. Nesi aliwafuata kwa macho. Chenge akaniamuru niwashe, nikatoa njiti. Mkono wa nesi, wenye kucha zilizokatwa fupi kabisa, ukanishika kwa nguvu.

"Bado, baba. Yupo mmoja nyuma."