Ukurasa wa Mwisho wa Mwana Tatu

Harufu ya kafuri ikinipitia puani, hata nikiwa kwenye foleni ya magari Laurel, narudi chumba chetu cha Columbia Heights, Marekani, miaka ya themanini, nikiwa na umri wa miaka kumi na mdomo wa watu wazima watatu. Chini ya kitanda cha mama kulikuwa na sanduku linalonukia kafuri, na ndani yake, limefungwa kwa kanga mbili, daftari la tenzi za bibi yake, Mwana Tatu binti Omari wa Siyu. Bibi huyo alitunga huku akisuka ukili wa mikeka, kisha akaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa wino wa masizi aliouchemsha mwenyewe. Alizika waume wawili na hakuacha kuandika. Vitabuni hayumo. Waliomjua Marekani nzima wangeenea kwenye kochi letu, na paka angepata nafasi.

Mwaka huo maktaba ya mtaa iliandaa maonyesho ya waandishi waliosahauliwa. Mkutubi, Bwana Leroy, Mmarekani mweusi aliyejifunzia Kiswahili darasani na kumwamkia shikamoo kila kiumbe, mimi nikiwamo, aliomba nakala. Mama alikuwa zamu, akifua mashuka ya hospitali yanayoweza kufunika jiji zima, basi akanituma mimi. “Usiruke hata ukurasa, mwanangu.” Mashine ya nakala ilinguruma kama ndege inayotaka kupaa. Nikafungua daftari kushoto, kama vitabu vyote vya shule. Ukurasa niliokutana nao ulikuwa na mistari michache na doa la mafuta. Nikaona hapo bibi alijaribia kalamu tu. Nikauruka.

Siku ya maonyesho mama alivaa buibui lake jipya. Chini ya kioo, kadi ilisema: mtunzi hajulikani. Mama akakigonga kioo kwa kidole mpaka nikahisi naota mvi.

“Shikamoo, mama,” alisema Bwana Leroy kwa upole. “Mwalimu wa chuo amezisoma nakala zote. Jina halimo.”

“Marahaba. Watunzi wa kwetu hujitaja mwishoni. Jina lipo.” Akanigeukia. “Wewe bingwa, ulianzia wapi?”

Nikaonyesha kushoto.

“Herufi za Kiarabu huanzia kulia. Basi mwisho wa bibi yangu ndio ulioutupa. Kimbia ukalilete daftari. Mimi sitoki hapa.”

Nilikimbia hata viatu vikanifuata nyuma. Niliporudi, mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlinzi, na mlinzi amesimama. Akausoma ule ukurasa kwa sauti ya kughani, mpaka kwenye jina la bibi yake. Bwana Leroy alipiga chapa kadi upya mara tatu, maana mara mbili za kwanza aliacha “binti Omari”, na mama hakukubali jina nusu.

Cheti changu cha chuo nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni kule Annandale, na herufi za bibi nikajifundisha baada ya hapo. Maktaba hazipigi chapa kadi tena, mama naye hayupo. Juzi binti yangu, anayenijibu kwa Kiingereza hata nikimuuliza kama ameshiba, alilipiga picha daftari zima kwa simu kabla chai yangu haijapoa. Akaniletea simu na daftari nitazame.

“Nionyeshe kwanza ukurasa wa mwisho,” nikamwambia.

Akalifungua daftari kulia, akalifunga, akalifungua upya kushoto, akanionyesha doa la mafuta.