Kazi ya Jirani Niliyoifanyia Mzaha

Nilikuwa Dumila, nachagua vitunguu kando ya barabara, binti wa jirani yangu aliponipigia simu. "Kaka, baba ametutoka alfajiri. Kesho tunampeleka kijijini, Matombo." Nilimpa pole, nikalipia vitunguu ambavyo sikuwa nimemaliza kuvichagua, nikarudi kwenye gari. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii mnamfahamu marehemu, ingawa sikuwahi kumtaja jina na leo pia sitamtaja. Mnamfahamu kwa sababu niliwahi kuwachekesha kupitia yeye. Naomba mnivumilie leo, maana ili mwelewe nilichokosea inabidi kwanza niwaeleze kazi yake, jambo nililopaswa kulifanya akiwa hai.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika juu ya ofisi zenye watu wasiojulikana wanafanya nini. Nilihitaji mfano, nikamkumbuka jirani yangu hapa Mzumbe, aliyekuwa amestaafu karibuni kutoka kituo kinachoongoza ndege zinazovuka bahari. Nilikuwa nimewahi kumuuliza kazi yake, akanijibu kwa upole, "Nilikuwa napima ujumbe unachukua sekunde ngapi kumfikia rubani, na jibu lake kurudi." Sikuuliza swali la pili. Nikaandika kwamba tunaye mtu aliyezeeka ofisini akihesabu sekunde. Gazeti lilipofika kwa kinyozi, jina likapatikana siku hiyohiyo: Mzee Sekunde. Vijana wa bodaboda wakalidaka, wahadhiri wakalichukua, hata mama wa genge. "Mzee Sekunde, nyanya zimekaa sekunde ngapi hapa?" Naye alicheka pamoja nao, nami nikajiambia kuwa hakuudhika.

Jumapili moja akaja kwangu na gazeti lile amelikunja chini ya kwapa. "Shikamoo, mzee," nikamwamkia, huku natafuta pa kuficha macho. "Marahaba, mwandishi. Nimekuja kukufundisha kazi yangu, maana umeiandika kabla ya kuiuliza." Akaketi, akaomba chai, akaanza. Ndege ikiwa katikati ya bahari kuu, alisema, rada za nchi kavu haziioni, na redio ya masafa marefu mara nyingi inakoroma tu. Kwa hiyo mwongoza ndege anaandika ujumbe: panda hadi kimo fulani, au baki ulipo. Ujumbe unapitia kwenye satelaiti, rubani anausoma, anabonyeza jibu. Majibu yakirudi haraka siku zote, ndege zinaweza kufuatana kwa karibu na kila moja ikapata kimo kinachoifaa. Yakichelewa, lazima ziachwe mbalimbali, kwa sababu mtu usiyeweza kumfikia kwa wakati huwezi kumsogezea mwenzake. Basi ni lazima awepo anayepima kila ujumbe, na kutenganisha muda uliotumiwa na mitambo na muda aliotumia rubani kujibu. "Ukichanganya hivyo viwili," aliniambia, "utamlaumu mtu kwa kosa la chuma."

Nikamwambia, "Lakini mzee, si mngechukua wastani tu?" Akaweka kikombe chini. "Wastani ndio uliotaka kutuponza." Akanisimulia kwamba kulikuwa na shirika moja la ndege ambalo wastani wake ulikuwa mzuri, wakubwa wakaridhika, faili likafungwa. Yeye akakataa kuliacha. Alizitoa pembeni jumbe zilizochelewa tu, akaandika mbele ya kila moja ni ndege ipi. Ilimchukua siku nyingi, na wenzake walimtania kwamba anatafuta kazi kwenye kazi iliyokwisha. Mwishowe karibu jumbe zote zilizochelewa zikaangukia ndege moja. Kifaa chake kilikuwa na hitilafu, nacho kilikuwa kimejificha nyuma ya ndege nyingine zilizo nzima. Wenye ndege waliandikiwa, wakakitengeneza. "Halafu ikawaje?" nikauliza. "Hakuna kilichotokea," akasema. "Ndiyo maana hukuisoma gazetini."

Alipoinuka kuondoka alisema jambo moja tu. "Sitaki uniombe radhi. Jina nimelizoea. Ila andika kazi yenyewe ilikuwa nini, mstari hata mmoja. Kijijini kwetu wanadhani nilikwenda mjini kuangalia saa." Nikamwahidi wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika, mvua zikakata barabara, nikaandika barabara. Iliyofuata palikuwa na jingine. Tukikutana nilimwambia, "Bado nakumbuka, mzee," naye akasema, "Haya." Baada ya muda akaacha kuniangalia kwa namna ya mtu anayengoja, nami nikaona nafuu. Nilidhani amesamehe. Sasa naona alikuwa amekata tamaa, na mimi nikaifurahia tamaa yake iliyokatika kwa sababu ilinipunguzia kazi.

Matombo tulifika matope yakiwa mpaka kwenye milango ya gari. Msomaji wa wasifu, mtu mwema asiye na nia mbaya, alisema, "Mzee Sekunde wetu alifanya kazi uwanja wa ndege," watu wakatabasamu, akapita. Mstari mmoja, na wenyewe haukuwa sahihi. Binti yake akanigeukia. "Kaka, wewe alikueleza. Simama uwaambie." Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa mpole, mcha Mungu, jirani mwema. Sikusema jina lile lilitoka wapi, kwa sababu mbele ya watu wote wale niliogopa kujulikana kuwa mimi ndiye niliyelisababisha. Nikaketi. Baada ya maziko dada mkubwa wa marehemu alinishika mkono chini ya migomba. "Umesema vizuri, mwanangu," akasema. "Lakini hizo sekunde zilikuwa za nini? Miaka yote nimeulizwa, sina jibu."

Sisi waandishi tunakimbilia ajali, na kwa sababu hiyo hatuwajui watu wanaotufanya tukose ajali za kuandika. Hilo ni kosa la ufundi, linaweza kurekebishwa. La kwangu lilikuwa jingine: nilijua ukweli na nikauweka kando kwa kuwa mwenyewe alikuwa mvumilivu. Msomaji wangu, kama una neno ulilomkosea mtu nalo, na unajua namna ya kulirekebisha, usiupime uharaka wake kwa kelele anazokupigia. Wapo wasiopiga kelele. Lirekebishe angali na macho ya kulisoma.

Yule dada wa marehemu hajui kusoma. Jumamosi nitapanda Matombo na gazeti hili, nimsomee taratibu tangu mwanzo, pamoja na pale ninapojitaja mimi, na nitaketi hapo mpaka amalize kuuliza maswali yote ambayo mimi sikuyauliza.