Sindano ya Mdogo Wake

Fundi hakuwahi kumwonea mdogo wake kijicho, mpaka mdogo wake alipoanza kupungua.

Kabla ya hapo walikuwa wanene pamoja, tangu utotoni. Wakipita njiani watu waliwaita Jozi, nao wakaitika. Wakikaa kwenye kochi la watu watatu, wa tatu alibaki amesimama, wao wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Mkubwa akawa fundi wa nguo za kike, na chumba chake cha kushonea kilitazama barabara. Mdogo akapata kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya bima. Nguo zote za mdogo alishona mkubwa, na wala hakuhitaji kumpima. Alijipima mwenyewe, akakunja kitambaa, mkasi ukapita kwenye tabaka mbili kwa pamoja.

Ugonjwa ndio uliowatenga. Mdogo alikutwa na kisukari. Mkubwa yeye alikuwa na presha, na magoti yalimlilia kila alipokanyaga pedali ya cherehani. Daktari wao alikuwa mmoja, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, lakini aliwaona kila mtu kwa siku yake, akamwandikia kila mtu sindano yake ya kupunguza uzito.

Siku moja mdogo alikuja nyumbani kwa dada yake, wakazilaza zile kalamu za sindano juu ya meza ya jikoni, ubavu kwa ubavu, kama watoto wanaooneshana viatu vipya.

"Ya kwako unachoma lini, dada?"

"Kila asubuhi. Na wewe?"

"Mara moja kwa wiki tu. Jumapili nikishaamka, basi, nimemaliza."

"Kwa wiki! Mimi tumbo limekuwa chujio, wewe unachoma siku ukikumbuka?"

Mdogo akacheka. Akaeleza alivyoelezwa: zote mbili zinafanya chakula kikae tumboni muda mrefu, na zinauambia ubongo kwamba umeshiba. "Ila hiyo yako inaiga homoni moja ya shibe. Hii yangu inaiga mbili. Daktari anasema ni ya juzijuzi hii."

"Mbili?"

"Mbili."

Mume wa fundi, ambaye ni fundi umeme na hajui kunyamaza, alikuwa mlangoni akivua viatu. "Kumbe shemeji kapewa gari, mke wangu kapewa baiskeli!"

Walicheka wote, na fundi alicheka kwa sauti kuliko wenzake. Lakini maneno yale hayakushuka. Alilala nayo, akaamka nayo.

Aliporudi kliniki alimuuliza daktari kinagaubaga kwa nini yeye hakupewa ile ya mdogo wake. Daktari akamjibu bila kuinua macho kutoka kwenye vipimo vyake. "Mdogo wako ana kisukari, wewe huna. Wewe una tumbo lenye historia ya vidonda. Hii ya kila siku ikikukataa, unaiacha na baada ya muda mfupi imetoka mwilini. Ile ya wiki ikikuvuruga tumbo, utakaa nayo siku nyingi. Tuanze na hii, mama. Tukiona tumbo limetulia, tutazungumza."

Maelezo yalikuwa mazuri na fundi aliyaelewa. Ila mtu anaweza kuelewa jambo na roho ikaendelea kumuuma vilevile.

Miezi ikaenda. Fundi alipungua kidogo, kiasi cha pete kulegea kidoleni. Mdogo wake aliyeyuka. Mashavu yalianza, shingo ikafuata, halafu siku moja fundi akagundua kwamba mdogo wake ana mifupa ya mabega. Hakuwahi kuiona maisha yake yote. Aliitazama kama mtu anayetazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Na kazi ya kupunguza nguo ilikuwa ya nani, kama si yake? Kila mara mdogo alikuja na mfuko umejaa, anavaa gauni mbele ya kioo, fundi anapiga magoti kwa taabu na pini zake mdomoni, anabana kiuno, anabana makwapa, anatia chaki. Wateja waliokuwa kwenye benchi walishangilia.

"Huyu ndiye yule wa Jozi? Haiwezekani!"

"Fundi, na wewe si umuulize mwenzio anatumia nini?"

Fundi alitabasamu huku amebana pini kwa meno. Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, naye alikuwa kwenye sindano. Ya kwake ilikuwa ya wiki lakini ya homoni moja. "Mimi mwezi wa kwanza nilitapika mpaka nikajuta kuzaliwa," alisema. "Sasa niko sawa. Jirani yangu anatumia hiihii, yeye yuko palepale. Kila mwili na mambo yake, fundi, usijitese." Fundi akaitikia, lakini hesabu aliyoondoka nayo kichwani ilikuwa nyingine: hata mwalimu yuko mbele yangu.

Lililomuuma zaidi hakuwahi kumwambia mtu. Urembo ulikuwa jambo dogo. Mdogo wake sasa alikalia kochi na watu wengine wawili wakaenea. Ametoka kwenye Jozi, hakuaga.

Kisha ikaja sherehe ya kumuaga meneja wa ofisi ya bima. Mdogo alileta kitambaa cha buluu iliyokoza, akapimwa, akaondoka anaimba. Mume wa fundi alikuwapo, akasema, "Shemeji siku hizi ukimwona kwa nyuma unadhani ni msichana wa shule." Alisema hivyo bila nia mbaya, akaendelea kurekebisha swichi ya ukutani.

Fundi alikata kitambaa kwa vipimo sahihi. Alishona kwa vipimo sahihi. Gauni lilikuwa limeisha, linaning'inia kwenye hanga, zuri. Akalitazama sana. Halafu akalishusha, akaligeuza ndani nje, akapitisha mshono mwingine ubavuni, upana wa kidole kimoja ndani ya ule wa kwanza. Na ubavu wa pili vivyo hivyo. Akafumua ule wa kwanza, akapiga pasi. Jicho lisilo la fundi lisingeona kitu.

Mdogo alipokuja kulijaribu, zipu ilifika nusu ikagoma. Akavuta pumzi, akavuta tumbo. Ikagoma.

"Dada, umekosea vipimo?"

"Mimi? Lini nimekosea vipimo vyako?"

"Basi nimenenepa." Uso ulimshuka. "Nimeanza kunenepa tena."

"Labda mwili umeizoea dawa," alisema fundi kwa upole. "Hizo dawa mpya hizo, nani anazijua? Lete nikupanulie kidogo."

Na pale, akimfumulia mdogo wake mshono alioubana mwenyewe, fundi alisikia raha. Ilikuwa raha chafu, lakini ilikuwa raha, na jioni ile alikula vizuri na kumtania mumewe.

Angekomea hapo, pengine lingepita. Hakukomea. Sketi ya kazini ilipokuja kutiwa kitufe, ilirudi imebana kidogo. Suruali nyeusi nayo hivyo hivyo. Kila mara mdogo alijaribu nguo, akajishika kiuno kwa mikono miwili kama anayetafuta kitu kilichopotea. Akaacha kuimba. Akaacha pia kukaa benchini kupiga soga na wateja.

"Daktari amekuambiaje?" fundi alimuuliza siku moja.

"Sijaenda. Naona aibu. Atasema nakula ovyo."

Mdogo hakuwa na mizani nyumbani, na aliziamini nguo za dada yake kuliko mizani yoyote. Hiyo ndiyo sababu ya yote yaliyofuata. Alichoma sindano yake ya Jumapili kama kawaida, na katikati ya wiki, bila kumwambia mtu, akachoma nyingine.

Simu ilimkuta fundi akitia bitana kwenye koti. Mdogo wake alikuwa ametapika siku mbili mfululizo, maji hayakai tumboni, na asubuhi hiyo ameanguka pale mapokezi mbele ya wateja. Fundi aliliacha koti chini ya sindano ya cherehani, akakimbia na magoti yake yaleyale mpaka barabarani.

Hospitalini alimkuta kitandani, dripu mkononi, midomo imekauka. Daktari wao alikuwa amesimama pembeni, na hakuwa na furaha.

"Dawa hii ina ratiba yake, mama. Tunapanda taratibu kwa sababu tumbo linahitaji kuzoea. Ukichoma mbili wiki moja, huitoi. Inabaki humo. Na wewe una kisukari! Ulikuwa na haraka ya nini?"

"Nilikuwa nanenepa, daktari."

"Nani kakuambia? Tumekupima ulipoletwa. Umepungua kuliko ulipokuja kliniki mara ya mwisho, na wala si kwa kutapika tu."

"Lakini nguo zangu zinabana. Zote."

Daktari akamtazama fundi, kwa kuwa alijua nani anashona. Fundi akatazama dripu. Tone, tone, tone. Alingoja daktari atoke, na alipotoka akaingoja nafasi nyingine, na nafasi haikuonekana kuwa nzuri hata moja. Mwishowe akasema tu.

"Nguo nilizibana mimi."

Mdogo wake aligeuza kichwa polepole. "Umezibana vipi?"

"Kwa makusudi. Nilizipitishia mshono kwa ndani. Gauni, sketi, suruali. Zote."

"Kwa nini?"

Fundi akalishika chuma cha kitanda. "Uliniacha," alisema.

"Nilikuacha wapi, dada? Nilikuwa nakuja kwako kila wiki!" Sauti ilikuwa dhaifu, lakini ilimkata. "Ningekufa."

"Najua."

"Hujui. Toka nje, tafadhali. Mwite shemeji aje akae nami."

Fundi akatoka. Alikaa kwenye benchi la korido hadi mumewe alipofika. Alipomweleza, yule mtu asiyejua kunyamaza alikosa la kusema, akaingia ndani na kumwacha pale pale.

Mdogo alipona. Nguo zake akazihamishia kwa fundi mwingine, mtaa wa pili. Fundi alimwona akipita na blauzi ambayo bega moja limepanda na pindo linakwenda upande, na wivu ukamrudia kwa sura mpya: safari hii alimwonea wivu yule mshonaji mbovu, aliyekuwa na ruhusa ya kumpima mdogo wake kiuno.

Yeye mwenyewe aliendelea na sindano yake ya kila asubuhi. Daktari alimuuliza kama bado anaitaka ile nyingine, maana tumbo lilikuwa limetulia. Fundi alifikiri, akasema abaki na hii kwanza. Alikuwa amepungua, si sana, lakini magoti yalikuwa yameacha kulia, na siku nzima ya pedali haikumchosha kama zamani.

Mvua za mwaka zilikuwa zimekwisha mdogo wake aliposimama mlangoni na kitambaa cha kijani mkononi. Hakusalimia.

"Yule mwenzio ananipima kama gunia," alisema. "Mimi sijakusamehe, dada. Nataka gauni."

"Nitakushonea."

"Kwa vipimo vyangu."

"Kwa vipimo vyako."

Alipimwa bila soga, mikono juu, macho ukutani. Fundi aliona kiuno kimepungua tena, na roho ikamuuma, ikamuuma hasa, akaiacha iume na kuandika kipimo kilekile alichokiona. Gauni lilipokuwa tayari, mdogo alilishusha kwenye hanga, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavuni kutoka kwapani hadi pindoni. Kisha ubavu wa pili. Wateja kwenye benchi wakatazamana. Fundi alisimama kando, mikono nyuma, akingoja amalize.

Kisha mdogo akaenda nyuma ya pazia kulivaa.