Bi Kipimo Hakulipa

Wateja walimwita Bi Kipimo kwa sababu alikuwa akimtazama mtu mara moja tu na tayari ameshajua kiuno chake. Alikuwa fundi cherehani, mjane, bibi wa wajukuu, na kichwa chake kilikuwa kigumu tangu utotoni. Ukimwambia jambo haliwezekani, ndipo umemwasha. Alipotangaza kwamba ataacha kuchora pateni kwa chaki na kuanza kuzichora kwenye kompyuta, kaka yake alicheka mpaka akapaliwa. Bi Kipimo alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, akaiweka katika chumba chake cha kazi kati ya meza ya kukatia na meza ya pasi, akajifunza kwa kukosea na kurudia mpaka kipanya kikamtii kama mkasi.

Pateni, kwa asiyeijua kazi hiyo, ni mchoro wa kila kipande cha nguo: mkono, kola, kifua, mgongo. Unauchapa kwenye karatasi, unaubana juu ya kitambaa, unakata. Kila mteja wa Bi Kipimo alikuwa na zake. Kulikuwa na za mwalimu ambaye bega lake moja liko chini kuliko jingine, na za muuza duka ambaye tumbo lake lilikataa kurudi baada ya mapacha. Mtu akinenepa, Bi Kipimo anavuta mstari kidogo tu kwenye skrini, kazi imekwisha.

Asubuhi moja alikuwa akingoja habari za mzigo wa vitambaa vya bitana aliouagiza. Barua pepe ikaingia. Jina la mtumaji lilikuwa la duka lile lile analonunulia, na maneno yalisema mzigo umekwama, afungue ankara iliyoambatishwa athibitishe upesi kabla haujarudishwa. Ule upesi ndio uliomponza. Akaibonyeza. Kompyuta ikamuuliza kama kweli anataka kuiruhusu programu ile ifanye kazi. Akabonyeza ndiyo, kama mtu anayefukuza nzi. Hakikufunguka kitu. Akasonya, akaenda kupiga pasi sketi ya mteja.

Aliporudi, skrini ilikuwa nyeusi, imejaa maandishi. Faili zako zote zimefungwa. Lipa, upewe ufunguo. Ukichelewa, dai linapanda. Akajaribu kufungua pateni moja, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Majina ya faili zote yalikuwa yameota mikia ya herufi zisizosomeka.

Mkono ukakimbilia kwenye diski ya nje, kile kiboksi kidogo alichokinunua makusudi kiweke nakala za akiba. Kilikuwa kimechomekwa nyuma ya kompyuta, mahali kilipokaa tangu siku kilipotoka dukani. Akakifungua. Faili zake nazo zilikuwa na mikia ile ile. Bi Kipimo akakaa kwenye kiti cha cherehani.

Wa kwanza kufika alikuwa kaka yake, aliyekaa nyumba ya pili, mtu wa kupenda mambo yapite kimyakimya. Alisoma maandishi ya kwenye skrini akiwa ameinama, mikono nyuma.

"Mdogo wangu, lipa yaishe."

"Nilipe nini?"

"Wanachotaka. Tena usimwambie mtu. Wateja wakisikia umetapeliwa, watasema umezeeka."

"Nimezeeka kweli. Na silipi."

"Sasa utakula jeuri?"

"Nitaila, kaka. Nenda nyumbani, nikimaliza nitakuita tuoshe vyombo."

Kaka mtu akaondoka akitikisa kichwa, na Bi Kipimo akampigia simu fundi wa kompyuta wa mtaa wa nyuma, mwanamume mnene, mpole, anayependa kuvua viatu akifanya kazi. Jambo la kwanza alilofanya yule fundi lilikuwa kukata intaneti. La pili, kuichomoa ile diski. Kisha akakaa, akazikagua faili moja moja.

"Fundi kwa fundi, usinizunguke," Bi Kipimo akamwambia. "Unaweza kuzifungua?"

"Siwezi, mama. Ufunguo wanao wao tu. Nikikwambia naweza, nitakuwa mwizi wako wa pili."

"Na nikiwalipa?"

"Wengine hutoa ufunguo. Wengine hula na kunyamaza, au wanarudi kudai tena. Unamtegemea mwizi awe mkweli."

Akamweleza mengine bila kumlaumu. Kwamba nakala ya akiba ikikaa imechomekwa muda wote, kinachoingia kwenye kompyuta kinaingia na humo. Kwamba vile vikumbusho vya kusasisha programu, ambavyo Bi Kipimo alikuwa akivifunga kila vikijitokeza, vilikuwa vinaziba mianya ambamo virusi hupenya. Sasa dawa ilikuwa moja: kutoa diski iliyo ndani ya kompyuta na kuihifadhi kama ilivyo, huenda siku moja ufunguo wa kirusi hicho ukapatikana, kisha kuweka mpya na kuanza upya mikono mitupu. Na nywila zote za akaunti zake zibadilishwe kwa kutumia simu, maana kompyuta ile ilikuwa haiaminiki tena.

"Anza," akasema Bi Kipimo.

Jioni binti yake alipiga simu kutoka kwake. Alisikiliza kisa chote, na bila kukusudia akagusa donda.

"Mama, na ile video ya baba?"

Bi Kipimo alikuwa hajaikumbuka. Mumewe alipokuwa hai alikuwa akimsaidia kupiga pasi, na siku moja alirekodiwa akiimba kwa sauti ya kukwaruza, akimtania mkewe kwamba anapenda cherehani kuliko yeye. Video ilikuwa moja, na ilikuwa kwenye kompyuta. Hapo ndipo moyo ulipoyumba. Maelezo ya namna ya kulipa alikuwa ameyapiga picha kwa simu kabla fundi hajaizima kompyuta. Akayatazama. Yalikuwa rahisi, ya hatua kwa hatua, yameandikwa kwa adabu kabisa.

"Tulipe, mama," binti akasema taratibu. "Nitachangia."

Ile adabu ndiyo iliyomrudisha Bi Kipimo. Watu walikuwa wameishika sauti ya mumewe wampigie nayo, halafu wanamwandikia tafadhali.

"Mwanangu, baba yako alikuwa hampi mwizi hata salamu. Nikiwapa pesa, kesho watamliza nazo mama mwingine. Silipi. Na usiniulize tena, kwa sababu ukiniuliza nitalegea."

Alipokata simu aliyafuta yale maelezo. Akalia, kilio cha mtu aliyekasirika, kisha akanawa uso na kujifunga kibwebwe.

Kesho yake aliwatumia wateja wake wote ujumbe. Hakupaka mafuta neno hata moja. Nimetapeliwa kwa barua pepe, aliandika, nikafungua nisichokijua. Pateni zenu zimepotea. Ukipata barua yoyote kwa jina langu inayokutaka ufungue kitu, usifungue, nipigie kwanza unisikie sauti. Na mwenye nguo yoyote niliyomshonea, aniletee.

Kaka yake alikuja mbio, simu mkononi. "Umejianika!"

"Acha nianikwe nikauke."

"Hata aibu huoni?"

"Aibu ya nini? Nimeiba mimi? Wao wamejificha, na mimi nijifiche, sasa nani atakaa nje aseme?"

Wateja wakaanza kuja. Mwalimu alileta magauni matatu kwenye mfuko. Muuza duka alikuja amevaa sketi yake na kutaka kuivulia hapo hapo. Wapo ambao hawakuja, na mmoja alisema kwenye simu kwamba afadhali atafute fundi anayetumia akili. Bi Kipimo akamtakia kila la heri, kwa sauti kavu.

Aliyemgusa zaidi alikuwa karani mmoja mwanamke aliyewahi kuugua, akakatwa titi la kushoto. Bi Kipimo alikuwa amemtengenezea pateni ya blauzi yenye mfuko wa ndani uliojazwa kwa ustadi, kiasi kwamba alipoivaa kazini hakuna aliyegeuza shingo. Kuipata pateni ile kulimchukua kukata na kutupa, kukata na kutupa. Sasa karani aliweka blauzi mezani. Ilikuwa imepauka viwiko.

"Ifumue," akasema.

"Ndiyo hii moja uliyonayo iliyo nzima. Nikiifumua utavaa nini?"

"Nitajifunga mtandio. Wewe umekataa kuwapa hao watu kitu, mimi nitakunyima blauzi? Ifumue, Bi Kipimo."

Basi akakaa na kifumulio chake, akaanza kuifumua kazi ya mikono yake mwenyewe. Upande wa kifua alikuwa ameushona kwa mishono miwili miwili ili usichakae, na sasa mishono ile ilikuwa inampigania. Alitoa uzi mmoja mmoja asichane kitambaa. Kila kipande kilipotoka alikipiga pasi, akakilaza kwenye karatasi, akakizungushia penseli.

Walikuwa katikati ya kazi simu ilipolia. Mwanamume mwenye sauti laini alijitambulisha kuwa anatoka kitengo cha kuokoa data.

"Mama, tumeona kompyuta yako imeshambuliwa. Tunaweza kukufungulia kila kitu, hata picha na video za familia."

Moyo wa Bi Kipimo uliruka kweli, asiseme mtu kwamba haukuruka. Lakini alibonyeza spika ili karani naye asikie.

"Mmeionaje kompyuta yangu?"

"Mfumo wetu unaiona hivi sasa, mama."

"Hivi sasa! Inafanya nini?"

"Hali ni mbaya. Virusi vinaongezeka kila dakika. Usiizime kabisa. Nitakutumia programu uipakue, kisha uniruhusu niingie nikusaidie."

Bi Kipimo akaitazama kompyuta, ambayo fundi alishaiwekea diski mpya. Ilikuwa imezimwa tangu asubuhi, waya wake umening'inia, kwa sababu soketi ile ilikuwa na pasi.

"Bwana," akasema, "unachokiona hapo ni pasi yangu. Iko moto sawasawa, karibu uingie."

Bi Kipimo akaisogeza simu karibu na mdomo.

"Tena nisikilize kabla hujakata. Mlichochukua mmechukua. Cha pili hampati. Mlidhani nitajificha chumbani nilie, ili mje na leso mniibie tena. Namba yako hii naibandika mlangoni kwangu, na kila anayeingia hapa nitamwambia unavyoongea."

Simu ilikatwa. Karani alicheka mpaka akashika meza, naye Bi Kipimo akacheka, kwa mara ya kwanza tangu balaa lile limpate.

Pateni nyingi zilirudi kwa njia hiyo, na baadhi zilitoka nzuri kuliko za mwanzo, kwa sababu nguo iliyokwisha kuvaliwa humwonyesha fundi mahali mwili ulipokuwa unalalamika. Karani alipata blauzi mbili. Siku hizi kila akifunga kazi, Bi Kipimo huweka nakala kwenye diski mbili zinazopokezana zamu. Akimaliza huichomoa ile iliyotumika, na moja hulala kwa binti yake. Kompyuta ikiomba kusasishwa, cherehani husubiri. Barua ikija kwa jina la duka, hupiga simu dukani kwa namba anayoijua yeye, si ile iliyoandikwa kwenye barua.

Video ya mumewe haikurudi. Ile diski iliyotolewa, fundi mnene ameihifadhi, na mara kwa mara hutazama kama ufunguo umepatikana. Bado. Bi Kipimo akiulizwa, hujibu kwamba hata ingekuwa leo asingelipa. Kisha hushika mkasi wake, na anayemjua hamsemeshi.

Kaka yake alikaa muda bila kuonekana. Halafu siku moja aliingia na kompyuta yake kwapani, anatazama chini. Alikuwa amepata barua ya kumwambia akaunti yake itafungwa, akawa karibu kuibonyeza.

"Karibu kubonyeza, au umebonyeza?"

"Karibu."

Bi Kipimo alikuwa na vidonge vyake tayari, na alimpa vyote, kuanzia kicheko kile cha kupaliwa mpaka habari ya kuzeeka. Kaka alivimeza. Alipomaliza, dada mtu akamvutia kiti.

"Kaa. Tunaanza na nywila. Unatumia ngapi?"

"Moja tu, kila mahali. Ni jina la mke wangu na mwaka wa..."

"Usiniambie!" Bi Kipimo aliziba masikio kwa mikono yote miwili, utepe wa kupimia ukimning'inia shingoni. "Hata mimi usiniambie!"