Fundo Jekundu Nyuma ya Goli

Nilipokuwa mtoto, hakuna timu Kibera iliyoanza mechi bila kuchungulia nyuma ya goli kwanza. Juju, bwana! Tuliiogopa kuliko refa. Ukikuta chumvi imemwagwa au kitambaa kimefungwa fundo, basi mmekwisha. Hata sisi wasichana wa Lindi, kijiji cha humo humo Kibera, tulioimba kwaya kila Jumapili, tuliamini kabisa.

Kocha wetu aliitwa Mwende, msusi mwenye kibanda Laini Saba. Alikuwa anakufundisha pasi huku vidole vyake viko kwenye nywele za mteja. Kwa kuwa alitoka Kitui, watu walimtania eti ana dawa za kwao. "Dawa yangu ni kukimbia," alijibu. "Haya, kimbieni!"

Sasa ikaja nusu fainali, Kawangware. Atakayeshinda anaenda kucheza uwanja wa nyasi. Nyasi halisi! Mimi nilikuwa mshambuliaji wa miaka kumi na mbili, nina mdomo, na sijawahi kucheza popote pasipo na vumbi. Shida ilikuwa kipa wao, Nafula. Huyo hapitiki! Nikajifanya mjanja. Nilifunga manyoya ya kuku na chumvi kwenye kitambaa chekundu, na tulipofika nikakiweka nyuma ya goli lake, mahali ambapo lazima angekiona.

Alikiona. Wueh! Mpira wa kwanza ulipokuja alikuwa ameshika kichwa, anatazama nyuma. Moja. Mbili. Tatu! Nilishangilia mpaka sauti ikakauka. Nafula analia waziwazi, kocha wake anamfokea, naye anasema tu, "Siwezi, kuna kitu hapo nyuma."

Wakati wa mapumziko Kocha Mwende alienda kutazama. Alirudi amefura kwa hasira. Kitambaa alikijua: nilikikata kwenye leso yake ya saluni. Mjinga mimi!

"Akinyi, hii ni yako?"

"Si mimi, Kocha."

"Usinicheze."

"Ni manyoya tu, Kocha. Na si tunaongoza?"

"Tunaongoza nani? Huyo mtoto hachezi, analia. Twende."

Akanivusha uwanja mzima, watu wote wananitazama, akamwomba refa afute mabao yote matatu, naye akayafuta. Wenzangu wakapiga kelele kupinga, "Aki Kocha, zii!" Tulipofika kwa Nafula, Kocha akaniambia nilifungue lile fundo mbele yake. Mikono ikagoma. Mimi niliyelifunga! Nilijua manyoya yale ni ya kuku tuliyemla nyumbani, na bado sikuthubutu kuligusa. Kocha akapiga magoti, akaingiza vidole vyake, likafunguka.

"Manyoya," akamwambia Nafula. "Na chumvi ya jikoni. Shika uone."

Nafula akashika, akanusa, akacheka huku kamasi zinamtoka. Kisha akanigeukia. "Na wewe ni mjinga kweli."

Kipindi cha pili, lo, mama yangu! Msichana aliamka! Alidaka kila kitu. Penalti yangu aliitoa kwa mkono mmoja. Tukafungwa moja bila, nyasi zikawaendea wao, na kocha wetu, kocha wa timu iliyofungwa, akawa anaruka kando ya uwanja akipiga vigelegele: "Mmemwona huyo kipa? Mmemwona?" Nilimchukia wiki nzima.

Mwaka jana, miezi michache kabla hajafariki, nilienda kumjulia hali. Tukaikumbuka siku ile, tukacheka hadi akakohoa. Nikamuuliza kwa nini yeye hakuogopa kugusa lile fundo.

"Nani amekuambia sikuogopa?" akasema. "Kwetu kitu kama hicho hakiguswi. Niliogopa kufa."

"Lakini nilikuambia ni manyoya!"

"Na ulikuwa umeshanidanganya mara moja. Ningejuaje? Nilichojua ni kwamba mtoto wa mtu analia."

Tulimzika kwao Kitui. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba Mwende aliumbwa bila woga, na kwa hiyo kila nilipoona mtu anaonewa, kazini au kwenye ploti ninakopanga, nikanyamaza, nilijisamehe haraka: yeye alikuwa jasiri, mimi mwoga, nifanyeje? Kumbe alikuwa mwoga kama mimi. Kisingizio hicho sinacho tena.