Majaketi Mawili ya Mjomba Rubani

Mjomba wangu hakuwahi kupanda ndege, lakini mtaa mzima ulimwita Rubani. Kazi yake ilikuwa kwenye ghala la baridi, lile jengo kubwa lisilo na madirisha ambamo nyama na samaki hugandishwa hadi kuwa vigumu kama matofali. Nje jua linachoma utosi. Ndani, pumzi zinatoka puani kama moshi wa kuni mbichi. Kampuni iliwapa wafanyakazi makoti mazito ya kijivu yasiyo na umbo. Mjomba alilivaa lake kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo alilichukia.

"Hili si koti," alikuwa akisema. "Hili ni godoro lenye mikono."

Mapenzi yake ya majaketi ya marubani yalianzia kwa kinyozi, alikokuta gazeti kuukuu lenye picha ya vijana wa vita vya zamani wamesimama mbele ya ndege yao, majaketi ya ngozi mwilini, kola za manyoya zimewakaa shingoni. Mjomba aliduwaa hadi akapitwa na zamu yake ya kunyolewa. Watu hawa, alikuja kutuambia, walipaa kwenye baridi kali kuliko ya ghalani, na bado wakapendeza! Tangu siku hiyo hakutulia. Majaketi yenyewe ya wakati ule aliyajua ni ya kutazamwa kwenye makumbusho tu. Lakini wapo mafundi wanaoshona ya kuigiza, na hapo ndipo penye kazi, kwa maana wako wanaoigiza kwa heshima na wako wanaoigiza ilimradi.

Basi kila akipata nafasi, mguu na njia hadi dukani kwa mama mmoja muuza nguo za ngozi, nyuma ya soko. Huko alilipindua jaketi ndani nje, akapapasa mishono, akanusa kwapa, akapandisha na kushusha zipu huku ametega sikio kama daktari anayepima kifua. Muuzaji alikwisha kumzoea.

"Mteja wangu," alimwambia siku moja, "kama ungekuwa unachumbia, saa hizi ungekuwa na wajukuu."

Mkaza mjomba, yaani mkewe, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule, na habari hizi hakutaka kuzisikia. "Mtu mzima anataka nguo za sinema," alisema, akarudi kwenye pindo lake.

Mwishowe yakabaki majaketi mawili. La kwanza lilikuwa la nailoni ya kijani, jepesi, bitana yake rangi ya chungwa iliyokoza, kwani rubani akianguka porini aliligeuza ili wanaomtafuta wamwone. La pili lilikuwa la ngozi ya mbuzi, la kahawia, lenye kola ya manyoya ya kondoo. Akili ilimvuta kwenye nailoni, moyo ukamvuta kwenye ngozi. Muuzaji, sijui kwa huruma au kwa kuchoka, akamwambia ayachukue yote mawili akayajaribu kazini.

"Ila ukiliharibu lolote, ni lako."

Asubuhi akaingia ghalani na la ngozi. Baridi ikalikakamaza, mikono ikasimama mbali na mwili, wenzake wakamuuliza ni shamba gani alilotumwa kufukuza ndege. Mchana akabadilisha. La nailoni likamkaa vizuri ajabu. Akabeba masanduku huku akipiga mluzi. Lakini zamu ilipokwisha, zipu ikang'ata bitana, palepale chini ya kidevu. Akavuta. Wenzake wakavuta. Wapi! Akajaribu kulivulia kichwani, likamkwama kwapani. Kuchana hakuthubutu. Ikabidi atembee hadi nyumbani kwenye jua la alasiri, kafungwa jaketi hadi kooni, lile la ngozi kalibeba mkononi, jasho likimchuruzika mpaka viatuni.

Nilikuwapo alipoingia, maana nilikuwa nimempelekea mkaza mjomba kitambaa. Alimtazama mumewe, akashika meza ya cherehani, akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Rubani! Umetua salama?"

"Nisaidie, mke wangu, nakufa."

"Hufi. Utakufaje na nguo ya watu?"

Akachukua kipande cha mshumaa, akasugua meno ya zipu, akaanza kuichomoa bitana kwa ncha ya mkasi, taratibu, uso wake karibu na kidevu cha mjomba. Mkono wake mwingine ulikuwa unamfuta jasho shingoni. Sidhani kama mwenyewe alijua anafanya hivyo. Mjomba alitulia kama mtoto anayekatwa kucha.

Zipu ilipoachia, mkaza mjomba alilichukua jaketi akalipeleka dirishani.

"Aliyetia bitana hii alikuwa anakimbilia mazishi," alisema. "Hebu lile jingine."

La ngozi alilikagua ndani na nje. Akapitisha kidole ndani ya kola, akavuta mshono wa bega, akauachia.

"Hili limeshonwa na mtu."

"Lakini baridini linakakamaa," mjomba akasema kwa huzuni.

"Nani kakwambia uwavalie samaki? Hili utavaa ukitoka na mimi."

Mjomba akanitazama, akamtazama mkewe. "Tunakwenda wapi?"

"Tutajua tukifika."

Kesho yake walikwenda dukani pamoja, na kwa jinsi mkaza mjomba alivyomshikia muuzaji bango juu ya ile bitana, la kijani likatolewa kwa bei ya kutupa, wakanunua na lile la ngozi. Jioni hiyo mkaza mjomba alifumua bitana ya la kijani, akabadilisha zipu, na mjomba akawa akiingia nalo ghalani hadi alipostaafu.

La ngozi lilisubiri majira ya baridi. Jumapili ya kwanza yenye upepo walitoka, mjomba akitembea kando kando ya ukuta kwa haya, mkewe kamshika mkono akimvuta katikati ya njia. Walikwenda hadi mtoni wakarudi. Wiki iliyofuata wakaenda tena, na mpaka leo, upepo ukianza kuvuma Jumapili, usiende kuwabishia hodi. Hutawakuta.